Mkanda wa Akiba

Ulikatika bila makeke.
Mlio wa mtu anayerarua shuka chumba cha pili,
halafu injini ikaendelea kunguruma peke yake
na tairi la nyuma halina habari.
Nikaserereka kwa mwendo uliobaki hadi pembeni,
Ihumwa naiona, Ihumwa siifiki,
kreti mbili za zabibu za Hombolo mgongoni
na jua la saa nne limeshaanza kuzihesabu.

Pikipiki za wenzangu zina mnyororo.
Mnyororo ukikatika unagonga pini kwa jiwe, unaondoka.
Mimi nina skuta ya mtumba, rangi ya maziwa,
iliyoshuka melini kutoka mji nisioujua,
mji wa lami na wastaafu wanaokwenda dukani polepole.
Matumbo yake yamefichwa ndani ya kava,
na kava lina boliti kumi na moja.
Nilizihesabu. Niliziweka ndani ya helmeti,
maana mchanga wa Ugogo ukimeza chuma hautapiki.

Ndani, nyuzi. Nyeusi, zimejiviringisha kwenye klachi
kama nywele kwenye kitana cha msusi.
Nilizivuta kwa kucha, kwa koleo, kwa maneno
nisiyoweza kuyarudia mbele ya mama mkwe.

Akiba ninayo, chini ya siti.
Halafu nikakumbuka kwamba sina:
mwezi wa pili niliutoa nikafungia mlango wa banda la kuku.
Sechelela akasema, "Huo ni wa safari."
Nikamjibu kuku nao wana safari yao,
ya kwenda mdomoni mwa kicheche.
Tulinuniana siku mbili kwa sababu ya mpira.
Nikafungua siti, kutafuta tambara tu.

Ulikuwepo.
Umekunjwa, umefungwa kwa kipande cha kanga kuukuu,
ile ya njano aliyombebea Nyemo akiwa mchanga.
Unanuka kuku.
Sijui banda alilifungia nini. Sijui lini.
Nikakaa kwenye changarawe kidogo, spana mkononi,
nimesahau ni ya namba ngapi.

Akaja mvulana na mbuzi saba.
"Mbukwa," akasema. "Mbukwa," nikajibu,
nikamwonyesha pa kupitisha fimbo yake,
hapo kwenye meno ya puli, kaza, usiachie.
Ana mikono ya mtu anayevuta maji kisimani kila siku.
Nati ikalia, ikakubali.
Puli ya nyuma nikaitanua kwa viganja vyote viwili,
nikauzamisha mkanda, mshale utazame mbele,
mshale wenyewe nusu umefutika
na nusu ina kinyesi cha kuku.
Treni ya umeme ikapita kule mbali, haina jasho.
Mbuzi hawakuinua hata kichwa.

Boliti kumi. Helmeti ina boliti kumi.
Tukatafuta, mimi kwa magoti, yeye kwa vidole vya miguu.
"Labda mbuzi," akasema, wala hakuwa anatania.
Nikamlipa kishada. Akala akitema mbegu,
mbali kuliko nilivyowahi kutema maisha yangu yote,
akaniuliza kama hizi zinakwenda kuwa mvinyo,
na huo mvinyo anakunywa nani.
Nikasema sijui. Wageni.
Akatema nyingine.

Skuta ikawaka. Tairi likapata habari.
Pale palipo tundu tupu kava linagonga,
tiki, tiki, tiki, mpaka Majengo sokoni,
ambako zabibu za chini zimeshatoa maji
na mnunuzi amenikata elfu nne kila kreti
bila kuniuliza nilikuwa wapi.

Nitapita duka la spea kabla halijafungwa.
Kipande cha kanga kipo mfukoni, kina grisi sasa.
Sijaamua nitamwambia nini.
Kwanza nitazunguka nyuma ya nyumba, taratibu,
nikalitazame lile banda.